Mratibu wa Utafiti wa Tiba: Kazi Yake na Njia ya Kuifikia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 matibabu ya kawaida ya kifua kikuu katika Afrika Mashariki yalichukua hata miezi 18. Wagonjwa wengi walichoka kabla ya kufika mwisho, wakaacha dawa, na ugonjwa ukawarudia. Kwa sababu hiyo mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yalishirikiana kufanya jaribio la kulinganisha aina nne za matibabu ya miezi 6 na yale ya kawaida. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972.

Mwishoni mwa miezi 6 wagonjwa walio wengi katika makundi yote hawakuwa tena na vijidudu katika makohozi yao. Lau utafiti ungalikomea hapo, ingalidhaniwa kwamba matibabu hayo mafupi yanakaribiana kwa nguvu. Lakini wagonjwa waliendelea kufuatwa baada ya kuacha dawa, na hapo tofauti ikadhihirika. Katika kundi lililopewa streptomaisini na isoniazidi tu, ugonjwa uliwarudia watu takriban 29 katika kila 100. Katika kundi lililoongezewa rifampisini, uliwarudia takriban 3 tu katika kila 100. Matibabu mafupi ya kifua kikuu yanayotumika duniani leo yana asili yake katika majaribio ya namna hiyo.

Dawa na darubini zilihitajika ili kuipata elimu hiyo. Lakini zisingefaa kitu kama wagonjwa wangalipotea baada ya kutoka hospitalini. Ilibidi wawepo watu wa kuweka orodha, wa kujua mgonjwa fulani anakaa wapi, wa kumtafuta alipohama, na wa kuandika kwa uaminifu kilichompata. Siku hizi kazi hiyo ina jina lake na ngazi zake. Anayeisimamia huitwa mratibu wa utafiti wa tiba.

MAANA YA KAZI HII

Utafiti wa tiba ni uchunguzi unaofanywa kwa watu wenyewe ili kujua kama dawa, chanjo, kipimo au njia fulani ya kukinga maradhi inafaa na haina madhara makubwa. Mwenye dhamana ya utafiti katika kituo huitwa mtafiti mkuu, na aghalabu huwa daktari au mwanasayansi mwenye shahada ya juu. Yeye ndiye ajibuye mbele ya sheria. Mratibu ndiye aufanyaye utafiti huo uende siku hata siku.

Kwa kifupi, mratibu analinda vitu viwili. Cha kwanza ni mtu aliyekubali kushiriki. Cha pili ni ukweli wa kumbukumbu. Kazi nyingine zote, nazo ni nyingi, zimo ndani ya hizo mbili.

KABLA YA MSHIRIKI WA KWANZA KUANDIKISHWA

Kila utafiti huongozwa na andiko liitwalo itifaki. Humo huelezwa swali linaloulizwa, watu wanaofaa kushiriki na wasiofaa, idadi yao, vipimo vitakavyochukuliwa na siku ya kila kipimo. Mratibu huisoma itifaki mstari kwa mstari, kisha huigeuza kuwa ratiba ya kazi: nani atampokea mshiriki, nani atatoa damu, sampuli itafika maabara saa ngapi, na chanjo itahifadhiwa katika jokofu gani. Chanjo nyingi huharibika zisipokaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa hiyo hata kukatika kwa umeme usiku ni jambo linalopaswa kuwamo katika mpango wake.

Baada ya hapo huandaa maombi ya vibali. Katika Tanzania, utafiti wa afya hupitiwa na kamati ya maadili. Kamati ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Majaribio ya dawa na chanjo huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Watafiti kutoka nchi za nje huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vibali vikishapatikana, mratibu hufika kwa viongozi wa mkoa, wilaya, kata na kijiji, kwa maana hakuna utafiti uwezao kustawi mahali ambapo wenyeji hawakuelezwa umekuja kufanya nini.

RIDHAA YA MSHIRIKI

Sheria ya kwanza ya kazi hii ilitokana na maovu yaliyokwisha kutendeka. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari wa Ujerumani walihukumiwa huko Nuremberg kwa kuwatesa wafungwa kwa kisingizio cha sayansi. Hukumu hiyo ya mwaka 1947 ilitamka kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio haiepukiki kabisa. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara kadha tangu hapo. Hata hivyo, katika mji wa Tuskegee nchini Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliendelea kuchunguzwa bila kutibiwa tangu mwaka 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikwisha kujulikana kuwa tiba ya maradhi hayo tangu miaka ya 1940. Wanaume hao hawakuambiwa ukweli wa maradhi yao.

Kwa hiyo ridhaa si saini tu. Ni mazungumzo. Mshiriki huelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba huu ni utafiti na si matibabu ya kawaida. Kwamba huenda akapata dawa mpya au akawekwa katika kundi la kulinganishwa, na kwamba mgawanyo huo hufanywa kwa bahati tu, mfano wa kura. Kwamba yako madhara yanayoweza kutokea. Na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma anazostahili. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha huweka alama ya dole gumba, na shahidi naye hutia saini. Mtoto hutolewa ridhaa na mzazi au mlezi. Akiwa na umri wa kuelewa, naye huulizwa.

Mratibu hodari hamuulizi mama, “Umeelewa?” Swali hilo hujibiwa “ndiyo” kwa heshima tu. Humwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe kile alichokisikia. Akieleza kwamba mwanawe atapata dawa ya kumponya kabisa, basi maelezo hayajafika, na hapana budi kuanza upya.

Katika nchi za Afrika Mashariki iko pia hofu ya damu. Tangu siku za ukoloni zimekuwako habari za mumiani, yaani watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao na kuiuza. Mtumishi anayefika kijijini na sindano na chupa ndogo huweza kuzifufua habari hizo kwa siku moja. Mratibu asiyejua hudharau na kuita ushirikina. Anayejua hufika barazani, huwaonyesha wazee chupa yenyewe, hueleza kwamba mililita 5 za damu ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na husema waziwazi damu hiyo itapelekwa wapi na itapimwa nini. Ikiwa sehemu yake itahifadhiwa kwa uchunguzi wa baadaye, hulisema na hilo, kwa sababu jambo likigunduliwa baadaye huvunja imani kuliko likisemwa mapema.

KUMBUKUMBU NA UKWELI WAKE

Kumbukumbu ya utafiti inatakiwa iwe na sifa tano: ijulikane nani aliyeiandika, isomeke, iandikwe wakati ule ule jambo lilipotokea, iwe ya asili na si nakala ya kukumbuka, na iwe sahihi. Mtu akikosea haruhusiwi kufuta. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lililoandikwa kwanza liendelee kuonekana, huandika lililo sahihi kando yake, hutia tarehe na herufi za jina lake. Siku hizi vituo vingi hutumia kompyuta na simu za mkononi, lakini kanuni ni ile ile: mashine huhifadhi kilichoandikwa mwanzo, nani aliyekibadili, lini na kwa sababu gani.

Mfano ufuatao, ambao ni wa kubuni, unaonyesha kwa nini mambo hayo ni mazito. Katika utafiti wa chanjo, mtumishi wa vijijini ametakiwa kutembelea nyumba 20 kila siku na kupima joto la kila mtoto. Ni masika. Mto umejaa na nyumba tatu hazifikiki. Jioni, akiogopa kuonekana mvivu, anaandika kwa watoto wale watatu nyuzi 36.8. Wiki ya pili mratibu anapitia fomu na kuona namba moja imejirudia mara tatu. Analinganisha na daftari la zahanati ya ng’ambo ya mto, na kukuta kwamba siku ile ile mtoto mmojawapo alipelekwa huko akiwa na nyuzi 39.4 na vijidudu vya malaria katika damu.

Mgonjwa mmoja alikwisha kufichwa. Kama mtoto huyo alipata chanjo, chanjo itaonekana bora kuliko ilivyo. Kama hakupata, itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kosa hilo likifanywa mara chache mahali pengi, nchi nzima yaweza kununua chanjo isiyofaa au kuikataa ifaayo.

Afanye nini mratibu? Hawezi kuichana fomu wala kuisahihisha kimya kimya. Anaandika alichokigundua, anamjulisha mtafiti mkuu, na taarifa inapelekwa kwa wafadhili na kwa kamati ya maadili. Fomu nyingine zote za mtumishi yule zinapitiwa upya, naye anasimamishwa kazi hiyo mpaka uchunguzi umalizike. Lakini mratibu mwenye busara anajiuliza pia swali la pili: kwa nini mtu yule aliona uongo ni salama kuliko ukweli? Akigundua kwamba ratiba ya nyumba 20 haiwezekani wakati wa masika, na kwamba kila aliyerudi na pengo alikemewa, basi sehemu ya kosa ni ya uongozi, na ratiba lazima ibadilishwe. Nafasi iliyoachwa wazi na kuandikwa “hakufikiwa, mto umejaa” yaweza kuhesabiwa na kufafanuliwa na mtaalamu wa takwimu. Namba ya kubuni haiwezi kutibiwa na mtaalamu yeyote.

NJIA YA KUIFIKIA KAZI HII

Hakuna mlango mmoja wa kuingilia. Waratibu wengi walianza kama wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara au wafamasia. Baadhi walianza kwa kutembelea nyumba vijijini. Ngazi zake kwa kawaida ni hizi:

1. Elimu ya msingi wa kazi. Kijana hupaswa kufaulu vizuri masomo ya biolojia na kemia katika sekondari, na asiidharau hesabu wala lugha. Kisha hujiunga na chuo cha uuguzi, utabibu, maabara au famasia. Stashahada huchukua miaka mitatu. Muuguzi na tabibu husajiliwa na baraza la taaluma yao kabla ya kuruhusiwa kuhudumia wagonjwa.

2. Kazi ya wodini au zahanati. Miaka michache hapa haipotei. Aliyekwisha kuona mtoto mwenye degedege hatahitaji kufungua kitabu ili ajue kwamba mshiriki aliye mbele yake yu hatarini.

3. Muuguzi au tabibu wa utafiti. Hapa mtu hupata mafunzo ya kanuni za kimataifa za utendaji bora wa utafiti wa tiba, zilizopitishwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016 na 2025. Hujifunza kutoa maelezo ya ridhaa, kujaza fomu, kutunza sampuli na kutambua madhara. Madhara makubwa, kama kifo au kulazwa hospitali, hutolewa taarifa mara moja, kwa kawaida ndani ya saa 24, hata kama haijulikani yamesababishwa na nini.

4. Mratibu. Sasa anasimamia watu, ratiba, dawa, vibali na fedha za kituo. Anapokea wakaguzi wanaokuja kulinganisha fomu na majalada ya wagonjwa, na ni lazima aweze kujibu kila swali kwa kuonyesha karatasi.

5. Ngazi za juu. Kutoka hapo njia hugawanyika. Wengine huwa wakaguzi wa tafiti katika nchi kadhaa; wengine mameneja wa miradi, watumishi wa kamati za maadili au wa mamlaka za dawa. Wengine hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya afya ya jamii au ya epidemiolojia, kama inayotolewa Muhimbili, na hatimaye huwa watafiti wakuu, wakiuliza maswali yao wenyewe.

Ni haki kutaja na ugumu wake. Miradi mingi hutegemea fedha za wafadhili na mikataba ya muda. Utafiti ukimalizika, mkataba nao humalizika, na mtu aliyefunzwa kwa miaka mitano aweza kujikuta nyumbani. Kwa hiyo yamfaa mratibu kuhifadhi usajili wake wa taaluma ili mlango wa hospitali usifungwe nyuma yake. Yazifaa pia taasisi kukumbuka kwamba majengo na majokofu hununuliwa kwa mwezi mmoja, lakini mratibu aliyekomaa huchukua miaka mingi kupatikana.

MFANO WA KILOMBERO, BAGAMOYO NA KOROGWE

Thamani ya watu hao yaonekana katika historia ya chanjo ya malaria. Mwaka 1994 zilitangazwa habari za jaribio la chanjo iitwayo SPf66, lililofanywa Idete katika bonde la Kilombero kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Chanjo ilionekana kupunguza malaria kwa takriban asilimia 31, na matumaini yalikuwa makubwa. Lakini majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha faida hiyo, na chanjo ikaachwa. Kazi ya Idete haikupotea. Ilithibitisha kwamba jaribio la chanjo lenye kiwango cha kimataifa lawezekana katika kijiji cha Tanzania.

Mwaka 2009 ulianza utafiti mkubwa zaidi, wa chanjo iitwayo RTS,S, kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Vituo viwili vilikuwa Tanzania, yaani Bagamoyo na Korogwe. Vingine vilikuwa Kenya, Malawi, Msumbiji, Gabon, Ghana na Burkina Faso. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi.

Hata hivyo katika kumbukumbu za madhara lilitokea jambo la kutia wasiwasi. Miongoni mwa watoto wa umri huo, waliougua homa ya uti wa mgongo walikuwa 21 katika makundi mawili yaliyopata chanjo, na 1 tu katika kundi moja la kulinganisha. Huenda ilikuwa ni bahati tu. Huenda ilikuwa ni hatari. Namba hizo zilikuwa ndogo mno miongoni mwa maelfu ya watoto, na wingi wa kazi ungaliweza kuzimeza. Hazikumezwa, kwa kuwa katika kila kituo kila ugonjwa mkubwa uliandikwa, hata ule uliodhaniwa hauhusiani na chanjo. Kwa sababu hiyo, mbali na maswali mengine, chanjo haikuenezwa mara moja. Tangu mwaka 2019 ilitolewa kwanza kwa uangalizi katika sehemu za Ghana, Kenya na Malawi. Uangalizi huo haukuonyesha kwamba chanjo inaongeza homa ya uti wa mgongo, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria ya wastani na kubwa. Chanjo ya pili, iitwayo R21, ilipendekezwa mwaka 2023.

Mzazi anayempeleka mwanawe kupata chanjo hiyo leo hawajui waliojaza fomu zile, na jina la mratibu mara nyingi halionekani katika habari za magazeti. Lakini mzazi huyo anategemea kitu kimoja kutoka kwao: kwamba walipoona nyuzi 39 waliandika 39, na walipokosa kuona waliandika kwamba hawakuona. Kijana anayefikiria kuingia katika kazi hii na ajipime kwanza kwa jambo hilo. Mengine yote yafundishwa chuoni.